Mtoto Kapata Kiti cha Juu, Baba Yake Mwalimu wa Chini

Mpendwa Shangazi Loretta,

Niokoe kabla ya Alhamisi jioni. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, kila Jumatano mume wangu akitoka kwa kinyozi huniletea gazeti, nami hukaa kwenye ngazi za mlangoni na mkate wangu wa yai na jibini kutoka duka la kona nikawacheka wanaokuandikia, yule mama wa paka watano na yule bwana aliyewachumbia ndugu wawili kanisa moja, nikasema hawa watu wanajitakia wenyewe, na mume wangu husema yeye hasomi upuuzi huo ila nishamkamata mara kadhaa akicheka peke yake na ukurasa wako mkononi huku akinidoea mkate. Sasa zamu imenifikia mimi na sicheki.

Shangazi, jengo letu la shule unalijua, lile la matofali mekundu karibu na kituo cha treni, lakini nieleze kwa ajili ya wasomaji wako wa ng'ambo ya daraja. Ndani ya jengo hilo moja mna shule mbili. Ghorofa za chini ni shule ya serikali ya kawaida, ile waliyosoma nusu ya watu wa mtaa huu, inapokea mtoto yeyote wa mitaa yetu siku yoyote anayotokea, hata akija katikati ya Februari na begi bila kalamu. Ghorofa za juu wapo wale wa shule ya mkataba, ambao nao hawatozi karo na nao wanakula kodi zetu zilezile, ila wana bodi yao wenyewe, wanaajiri walimu wao nje ya chama cha walimu, wanapanga saa zao na sare zao na sheria zao, na ukitaka kiti kule jina la mtoto linaingia kwenye kura ya bahati nasibu. Sisi tunaziita tu Chini na Juu. Chini wana mlango wao na ngazi zao, Juu wana mlango wao na ngazi zao, na watoto wa Juu hupanda kwa mstari mmoja wamejaza hewa mashavuni, wamefunzwa hivyo ili asiwepo wa kuongea njiani, ukiwaona asubuhi utadhani wote wanaumwa meno.

Mume wangu Winfield ni mwalimu wa mazoezi wa Chini, tangu kabla hatujaoana, na ndiye mjumbe wa chama cha walimu ndani ya jengo, na ndiye kocha wa timu ya kuruka kamba mbili iliyoleta kombe lile linalokaa kwenye kabati la kioo mlangoni, na Shangazi, mume wangu ni mtu mwema, Jumamosi hubeba kapu la nguo hadi kwenye mashine za kufulia pale kona na kurudi nazo zimenyooka, fulana za timu anazikunja kwa namna yake, mikono ndani, chini juu mara mbili, zinatoka kama bahasha za posta, tunamcheka sana kwa hilo. Lakini ukimtajia Juu anabadilika. Sasa Juu wanataka kuongeza darasa na wameomba wapewe chumba cha maktaba ya Chini, na Alhamisi jioni kuna mkutano wa hadhara ukumbini wa kusikiliza maoni ya watu, na wewe unajua mikutano ile ilivyo, Chini wanakuja na fulana nyekundu wanakaa kushoto, Juu wanakuja na fulana za rangi ya chungwa wanakaa kulia, na msemaji wa kwanza wa wekundu ni Winfield wangu.

Na binti yetu Odessa ameshinda kura ya Juu.

Mimi ndiye niliyemwombea. Winfield hajui.

Usinihukumu kabla hujasikia. Odessa ana miaka minane, yuko darasa la tatu Chini, na zamani alikuwa mtoto wa kusoma kila kitu, matangazo ya treni, maandishi kwenye boksi la nafaka, hata dawa ya mende alikuwa anasoma kwa sauti dukani mpaka nikaona haya. Mwaka huu mwalimu wake alikwenda kujifungua mwezi wa Novemba, akaja wa kushikiza, akaondoka, akaja mwingine wa kushikiza, yule alikuwa anapenda filamu, na baadaye akaja wa tatu ambaye hata majina ya watoto hajayashika, na sasa Odessa akikutana na neno refu analiruka tu kama anavyoruka kamba, anasema “kitu fulani” na kuendelea. Nikamwambia Winfield. Akasema, “Atakaa sawa, mke wangu, Odessa ni mwerevu, na walimu wa kweli watapangwa Septemba.” Nikamwambia tena. Akasema nisubiri mkutano upite. Basi siku moja nikiwa nimelala nabonyezabonyeza simu nikaona tangazo la kura ya Juu, nikajaza, haikunichukua hata muda wa kuagiza chakula cha Wachina, nikajiambia waombaji ni wengi kupita kiasi, hatashinda, nitakuwa nimeutuliza tu moyo.

Akashinda! Walinipigia nikiwa kazini, mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya macho, nikapiga ukelele mpaka mgonjwa akaangusha miwani. Bibi wa ofisi ya Juu, anaitwa Bi. Prescott, ana sauti ya mtu aliyekunywa kahawa ya watu wote, akasema, “Hongera, mama! Odessa ni wetu sasa! Unatakiwa uthibitishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo kiti kinakwenda kwa anayefuata. Na Alhamisi tumekuwekea nafasi mstari wa pili, uvae fulana tuliyokutumia, na ukipata nguvu useme maneno mawili matatu kwenye kipaza sauti. Akina mama wapya ndio wanaogusa mioyo!” Nikasema asante sana, Bi. Prescott. Ningesema nini, Shangazi? Mstari wa pili upande wa kulia, na mume wangu amesimama mbele na kipaza sauti!

Fulana ikaja kweli, ya chungwa inayong'aa gizani, imeandikwa MTOTO WANGU, KITI CHAKE. Nikaisukuma chini kabisa ya kapu la nguo chafu, chini ya taulo, nikasema nitaitoa baadaye, nikasahau, na Jumamosi nikakumbuka Winfield ameshaondoka na kapu. Nilikaa kitandani nikisubiri kelele mlangoni. Lakini Mungu mkubwa, aliporudi hakusema kitu, na jioni nikaikuta fulana kwenye droo yangu chini ya masweta, imekunjwa vizuri kama bahasha, basi nikajua ni dada yangu Charlene, maana alikuwa amepita mchana na yeye ndiye peke yake niliyemwambia, nikamshukuru moyoni. Charlene naye hanisaidii akili. Ananiambia, “Dada, wewe nawe! Mwambie kura imemwangukia mtoto. Nani anagombana na kura?” Nikamwambia, “Kura haimwangukii asiyeombewa, Charlene.” Akasema, “Basi sema nimeomba mimi. Shemeji hanipendi hata hivyo.”

Jambo linaloninyima raha zaidi ni Odessa. Nilimwambia, kwa sababu alisikia simu, nikamwambia mama na wewe tuna siri ndogo, baba tutamshtukiza. Sasa kila tukikaa mezani na Winfield akaanza habari za Juu mtoto anajaza hewa mashavuni. Juzi tulikuwa tunakula kuku, Winfield akasema, “Walichukua chumba cha muziki tukanyamaza. Wakachukua ghorofa, tukasogea. Watoto wangu wanakula chakula cha mchana saa nne na nusu asubuhi ili wale wa Juu wale saa sita kama binadamu! Saa nne na nusu, hicho si chakula cha mchana, hiyo ni chai iliyochelewa! Sasa wanataka na maktaba.” Akamgeukia mtoto. Akasema, “Odessa, una nini mdomoni?” Mtoto akatikisa kichwa. “Jino?” Nikasema haraka, “Ndiyo, jino.” Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akasema, “Jino moja linavimbisha mashavu yote mawili?” Nikasema kuku amepungua chumvi, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya friji iliyo wazi kama mwizi.

Na usiku anafanya mazoezi ya hotuba yake sebuleni. Wiki iliyopita ilikuwa na kipande kinachosema, “Mzazi anayempandisha mtoto wake ngazi zile anatugeuzia kisogo sisi sote,” nikawa kila akifika hapo nakohoa. Wiki hii amekiondoa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hotuba imekuwa ndefu. Nilishukuru angalau kwa hilo.

Sasa Shangazi, Alhamisi nivae nyekundu au chungwa, au niseme naumwa? Kiti nikichukue au nikiache? Winfield nimwambie kabla ya mkutano, nimharibie hotuba, au baada, akute nimekaa kimya wakati anaongea mbele ya mtaa mzima huku mwanawe mwenyewe yuko upande wa pili? Nampenda mume wangu. Nataka mtoto wangu asome maneno marefu. Inawezekanaje vitu hivi viwili vikanifanya niwe muongo?

Mimi,
Mwenye Fulana Mbili, Brooklyn

Shangazi Loretta anajibu:

Mwenye Fulana Mbili, binti yangu, nilicheka mpaka nilipofika kwenye friji, halafu nikarudi nyuma nikayasoma tena mashavu ya mtoto na kicheko kikakauka. Tutaanza hapo.

Umemfundisha mtoto wa miaka minane kumficha baba yake kitu, mezani, juu ya sahani ya kuku. Shule ya Juu huwafunza watoto kujaza hewa kwa muda wa kupanda ngazi. Wewe umemfunza kufanya hivyo nyumbani kwao, na bila kuwa na ghorofa ya kufikia. Hili ulisimamishe leo. Usimshtukize baba wala mjomba. Mwite Odessa umwambie mama alikosea, hakuna siri tena, pumua, mwanangu. Ukifanya jambo hili moja tu na mengine yote ukayaharibu, nitakuhesabu umenisikiliza.

Sasa kuomba kiti. Kuomba kiti si usaliti, na yeyote atakayekuambia hivyo ukumbini Alhamisi, awe na fulana nyekundu au ya rangi yoyote, mwambie Shangazi Loretta kasema aende nyumbani akalale. Uliona mtoto wako anaacha kusoma, ukasema kwa mumeo, ukaambiwa subiri. Ukasema tena, ukaambiwa subiri mkutano. Mama akishaambiwa subiri mara mbili, hutafuta mlango mwingine. Hapo siko tayari kukugombeza.

Nakugombeza kwa kuwa ulidhani mlango ule mwingine ni wa mbinguni, ukaufungua kwa kunyata, na hukuuliza hata swali moja la kufaa. Nimeishi kwenye mtaa huu tangu jengo lile likiwa na shule moja na mlango mmoja. Mjukuu wa jirani yangu wa kushoto alikwenda Juu akiwa haandiki jina lake, sasa anashinda na vitabu mpaka bibi yake anamfukuza nje akacheze. Mtoto wa jirani yangu wa kulia alikwenda hukohuko, akarudishwa nyumbani kwa soksi, akarudishwa kwa kugeuka nyuma kwenye mstari, akarudishwa kwa kucheka, na mwisho mama yake akachoka kuomba ruhusa kazini akamshusha Chini, ambako alifika siku ya mvua bila kitabu na wakampokea kabla hajavua koti. Watoto wawili, ghorofa ileile. Kwa hiyo usiniulize Juu ni kuzuri au Chini ni kuzuri. Niulize Odessa ni mtoto wa namna gani.

Na kabla hujaniuliza mimi, nenda ukawaulize wenyewe. Kesho omba dakika chache utoke kliniki, panda ngazi, umkute Bi. Prescott na kahawa yake, usimpe nafasi ya kukupongeza. Muulize: darasa la nne atafundisha nani, na mwaka jana alikuwepo? Maana kule walimu wengi ni vijana, wanafanya kazi kwa bidii ya ajabu, na wengi huondoka na bidii yao ikiisha. Muulize mtoto aliyebaki nyuma kwenye kusoma wanamfanya nini, wanamshika mkono au wanamrudisha darasa, au wanampigia mama simu mpaka mama achoke. Kumbuka wale wanaishi kwa mkataba. Kila miaka michache wenye mamlaka wanakuja kuangalia matokeo, na mkataba ukikataliwa shule inafungwa. Hilo linawafanya wasilale usingizi, na linaweza kuwa jema kwa Odessa, lakini muulize mtoto anayeshusha matokeo anaonekanaje machoni mwao. Halafu muulize wanatoka saa ngapi. Nimeona binti yako anaruka kamba, hata kama barua yako ilipita hapo kwa haraka. Kama anatoka Juu wakati timu ya baba yake imeshakunja kamba na kwenda nyumbani, mtoto anayeonjeshwa kusoma huku ananyang'anywa kamba atajua amepoteza nini, na atakukumbusha mpaka siku atakayoolewa.

Ukimaliza, shuka ngazi ukamwone mwalimu mkuu wa Chini, na yeye usimhurumie kwa kuwa ni rafiki wa mumeo. Muulize hilohilo: Septemba darasa la nne atafundisha nani, kwa jina, na kuanzia sasa mpaka shule zifungwe nani atakaa na Odessa asome? Usikubali “tutaona.” Mwambie una kiti Juu mpaka Ijumaa saa sita mchana. Utashangaa jinsi majina ya walimu yanavyopatikana haraka.

Kitu kimoja ukishike vizuri, kwa sababu nakuona unaogopa kukosea. Mlango wa Chini haufungwi. Ukimpandisha mtoto na asipofaa kule, wale wa Chini wanalazimika kumpokea, hiyo ndiyo kazi yao na ndiyo heshima yao. Kiti cha Juu ni tofauti. Ukikiacha kimekwenda kwa anayefuata na huenda hukioni tena. Sisemi ukichukue kwa sababu hiyo. Nasema usikiache kwa hofu ya mume, na usikichukue kwa hofu ya Bi. Prescott. Ijumaa asubuhi wewe na Winfield mtakuwa na majibu ya ghorofa zote mbili mezani, na mtaamua wawili, na Odessa aulizwe anapenda nini hata kama hataamua yeye.

Nimesema wewe na Winfield. Sasa namgeukia yeye kidogo, maana namfahamu kwa sura kama tunavyomfahamu wote hapa, mwenye filimbi shingoni hata akienda kununua maziwa.

Mjumbe, ninakuheshimu. Katika maktaba ile nami nilisomea, na Alhamisi nitakuwepo kukusikiliza. Lakini umepigania maktaba ya shule nzima na hukupigania mwalimu wa binti yako mwenyewe. Mke wako alikuambia mtoto anaruka maneno, ukamwambia Septemba. Septemba mtoto wa miaka minane anaisikia kama uzeeni. Wale wazazi wanaopandisha watoto wao ngazi zile hawakugeuzii kisogo. Wengi walikuja kwanza mlangoni kwako wakaambiwa subiri. Hilo ndilo ningelisema kwenye kipaza sauti kama mimi ndiye ningekuwa na filimbi.

Haya, turudi kwako, binti yangu. Alhamisi usivae nyekundu na usivae chungwa. Vaa ile blauzi yako ya kanisani, kaa katikati, na Odessa abaki nyumbani na Charlene, kwa sababu nimechoka kuona watoto wamesinzia ukumbini na mabango mapajani. Usiseme unaumwa, ukisema unaumwa, mumeo ataacha hotuba akuletee supu, halafu utajisikia vibaya zaidi. Bi. Prescott mwambie hutasema maneno mawili wala matatu. Kiti umekipata kwa kura. Hukukipata ili uende kusimulia. Na Charlene mwambie asante kwa kujitolea kubeba lawama, lakini hapana.

Sasa hili la mwisho, ambalo ungeliona mwenyewe kama hofu isingekufumba macho.

Unasema fulana ile Charlene aliitoa kwenye kapu. Charlene angeitoaje, na kapu lilikuwa limeshakwenda kwenye mashine za kufulia? Nani alilibeba? Nani hukunja fulana mikono ndani, chini juu mara mbili, mpaka zinatoka kama bahasha za posta? Umeniandikia mwenyewe, aya chache juu, kwa mkono wako. Nani anasimama kila asubuhi karibu na ngazi zile akiona watoto wa Juu wanapanda na mashavu yao, halafu anakuja nyumbani anaona mashavu hayohayo kwenye uso wa binti yake? Na hotuba kuwa ndefu! Nimekaa mikutano ya jengo lile kwa miaka, mwanangu, na sijawahi kumwona mjumbe wa chama aliyeona hotuba yake ni ndefu. Kile kipande alikiondoa kwa sababu alijua kitakuangukia wewe.

Anajua. Anajua tangu Jumamosi. Alisimama pale mbele ya mashine na fulana ya chungwa mkononi, mbele ya mtaa mzima, angeweza kuitupa, angeweza kuja nayo nyumbani akaitandika mezani. Aliifua, akaikunja, akaiweka kwenye droo yako chini ya masweta isikuaibishe, na tangu hapo anakupa nafasi, anauliza kuhusu jino, anakuangalia, nawe unamwambia kuku amepungua chumvi.

Ungeacha anwani ningekujibu pembeni. Hukuacha, na kama ningedhani hajui nisingechapisha barua hii kwa fedha wala dhahabu. Lakini umesahau nani hukuletea gazeti hili kila Jumatano, na umesahau kwamba nawe umeshamkamata akilisoma. Amelisoma kwenye kiti cha kinyozi na nusu ya kichwa kimenyolewa. Sasa hivi yuko hapo nyuma yako mlangoni, amejifanya anatafuta funguo, anasubiri ufike mwisho wa ukurasa.

Umefika. Kata huo mkate katikati umpe nusu, msogelee kwenye ngazi, na uanze na Novemba, mwalimu wa Odessa alipoondoka.